Sura ya Saba: Saa za Jumapili Jioni

Ukitaka kujua bei ya kazi inayofanywa bure nyumbani, ngoja anayeifanya augue. Wiki ya kwanza ndugu na majirani watasaidia. Wiki ya pili nguo zitaanza kurundikana juu ya kile kiti cha pembeni kisichokaliwa na mtu, na Jumatatu alfajiri mtoto atasimama mlangoni, begi mgongoni, shati limekunjamana kama jani la mgomba lililokauka. Ndipo baba wa nyumba atamuuliza jirani: "Yule mama anayewafulia na kuwapigia pasi, huwa mnampa ngapi?"

Ni swali zuri, ila mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa, tena kana kwamba mpaka siku ile kupiga pasi hakukuwa na gharama yoyote. Gharama ilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni anayeilipa. Kwa hiyo familia ya Bungoma au Kitale inayojiuliza kama inafaa kumlipa mtu apige pasi haina budi kupitia maswali matatu kwa utaratibu: ni nguo zipi zinazohitaji pasi kweli, ni saa za nani zinazokwenda na kazi hiyo, na je, malipo tutakayotoa yanamfaa yule anayeyapokea? Atakayeruka swali lolote kati ya hayo atapata jibu la rahisi, na jibu la rahisi huja kulipiwa baadaye.

Pasi ni ya nini hasa

Wabukusu humwita Nafula mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua, na wa kiume Wafula. Waliozaliwa kiangazi ni Nasimiyu na Simiyu. Mfuaji wa huku anaijua kalenda hiyo kwa mikono yake. Msimu wa akina Simiyu, nguo huanikwa saa tatu asubuhi na saa saba mchana ishakauka. Msimu wa akina Nafula, jua huchomoza vizuri, wingu hukusanyika upande wa Mlima Elgon baada ya chakula cha mchana, na kabla ya saa kumi kila mtu anakimbilia kamba. Kitale, iliyoinuka karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ina baridi kuliko Bungoma, ambayo iko karibu mita 1,400, kwa hiyo sweta la shule lililofuliwa Jumamosi linaweza kufika Jumatatu bado lina unyevu kwapani.

Hapo pasi inafanya kazi ya kwanza, ambayo si ya urembo: inamalizia kukausha.

Kazi ya pili ni ya afya. Kuna inzi ambaye wengi humwita inzi wa maembe, anayepatikana katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Jike hupenda kutaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au kinyesi, na pia kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu. Kibuu kidogo hukaa kwenye mshono wa nguo kikingoja joto la mwili, na kikilipata hupenya ngozi bila mtu kuhisi, kisha hukua ndani ya kitu kinachofanana na jipu. Anayeteseka zaidi ni mtoto mchanga, kwa sababu nepi na fulana zake hufuliwa kila siku na huanikwa popote penye nafasi. Joto la pasi huua mayai na vibuu hivyo, lakini lipite pande zote mbili za nguo, kwenye pindo, kwenye mishono na kiunoni penye lastiki. Bibi aliyesisitiza kwamba nepi isivaliwe kabla ya kupigwa pasi hakuwa na mbwembwe. Alikuwa akimkinga mjukuu.

Kazi ya tatu ni heshima. Shati la mwalimu, sare ya mwanafunzi, gauni la ibada, suti ya mazishi na ya harambee, vyote husomwa na watu kabla mvaaji hajafungua kinywa. Agosti ya mwaka shufwa, yaani unaogawanyika kwa mbili bila baki, wakati wa tohara ya vijana wa Kibukusu, boma hujaa wageni na rundo la nguo huwa mara mbili ya kawaida. Heshima hii si upuuzi, na sitamwambia mtu aiache. Ila ni vyema tuitenganishe na afya, kwa maana hesabu zake ni tofauti.

Punguza rundo kwanza

Familia nyingi hulipa, kwa pesa au kwa mgongo, ili kunyoosha nguo ambazo hakuna atakayeziona. Kabla ya kumtafuta msaidizi, mwaga rundo kitandani na ulichambue mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la lazima: sare za shule, mashati ya kazini, nguo za ibada, na chochote cha mtoto mchanga kilichokaukia nje. Fungu la pili ni lile linaloweza kujinyoosha likisaidiwa. Nguo iliyokung'utwa kwa nguvu mara mbili kabla ya kuanikwa, ikatundikwa kwa pindo badala ya kukunjwa juu ya kamba, huondoka na mikunjo michache mno. Suruali ya jinzi, fulana na vitambaa vingi vya poliesta viko hapa. Fungu la tatu ni taulo, soksi, sweta na matandiko. Haya yaanikwe kwenye jua kali mahali pa wazi, mbali na kivuli ambacho inzi yule anakipenda. Mvua ikizidi, yakaushwe ndani ya nyumba yenye wavu dirishani, na pasi ibaki ya dharura.

Jambo jingine linalookoa muda ni kuelewa pasi inavyofanya kazi. Nyuzi za pamba hushikana kwa viungo vidogo vinavyolegezwa na maji na joto pamoja, na zikipoa zimenyooka hubaki zimenyooka. Ndiyo maana shati la pamba lenye unyevu kidogo hunyooka kwa pito moja, na lililokauka kama mti hukuchosha mkono. Nguo za mitumba zenye lebo hukupa msaada wa bure: alama ya pasi yenye nukta moja inamaanisha joto lisizidi nyuzi 110, nukta mbili nyuzi 150, nukta tatu nyuzi 200. Anza na nguo za nukta moja pasi ingali na joto dogo, malizia na za nukta tatu. Kwa mpango huo hungoji pasi ipoe, wala huunguzi blauzi ya watu.

Hesabu ya mezani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tutoe daftari. Nitatumia mfano wa familia ya watu watano, wazazi wawili na watoto watatu wa shule. Bei nitakazoziweka ni za kuonyesha njia tu. Wewe ziondoe uweke za mtaa wako.

Tuseme kwa wiki rundo lina vipande 45, na kila kipande kwa wastani kinachukua dakika 5. Hizo ni dakika 225, yaani saa 3 na dakika 45. Pasi ya kawaida ya wati 1,000 haili stima muda wote, kwa kuwa hujizima na kujiwasha yenyewe joto likifika kiasi. Tukadirie uniti 2. Uniti moja, pamoja na kodi na tozo zake, tuihesabu kwa shilingi 30. Hapo stima ni shilingi 60 kwa wiki. Gharama hii ipo hata ukipiga pasi mwenyewe, kwa hiyo isitumiwe kama hoja ya kumkatalia msaidizi.

Sasa malipo. Tuseme umekubaliana na mama fua shilingi 10 kwa kipande. Vipande 45 ni shilingi 450. Gawanya kwa saa 3 na robo tatu, na utapata shilingi 120 kwa saa. Hapa ndipo daftari linapotufundisha jambo, kwa sababu bei ya kipande huficha bei ya saa. Mwingine atajisifu kwamba amepata wa shilingi 5 kwa kipande. Shilingi 225 kwa saa zilezile ni shilingi 60 kwa saa. Mama huyo akitumia boda boda ya shilingi 50 kuja na 50 kurudi, anabaki na shilingi 125 kwa nusu siku ya kusimama, yaani kama shilingi 33 kwa saa. Kabla ya kutaja bei yoyote ya kipande, igeuze iwe bei ya saa, utoe nauli, kisha ujiulize kama wewe ungetoka nyumbani kwa kiasi hicho.

Rudi sasa kwenye mafungu matatu. Ukichambua vizuri, vipande 45 vinaweza kushuka hadi 25. Kwa shilingi 10, hiyo ni 250 kwa wiki, karibu 1,000 kwa mwezi, na kazi ni ya saa 2 na dakika chache. Familia iliyodhani haiwezi kulipa bei ya haki huenda inaiweza, mradi isilipie taulo.

Saa hizo ni za nani

Mwaka 1934 mwanauchumi wa Kanada, Margaret Reid, alichapisha kitabu kuhusu uzalishaji wa nyumbani akatoa kipimo ambacho hadi leo ndicho kinachotumika. Alisema kazi ya nyumbani ni uzalishaji wa kweli ikiwa unaweza kumlipa mtu mwingine aifanye. Kulala hakuwezi kufanywa na mtu mwingine kwa niaba yako, wala kula. Kupiga pasi kunaweza. Kwa kipimo hicho, mama anayesimama mezani Jumapili jioni anazalisha, sawa na fundi cherehani aliye sokoni Chwele. Tofauti ni kwamba fundi analipwa.

Kuhusu anayesimama pale, takwimu zetu wenyewe zimesema. Utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021 wa Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na wanaume chini ya saa moja. Kwa hiyo mume anaposema "mbona tulipe, si kuna mtu nyumbani?" ajue kwamba anatumia saa za mtu ambaye kapu lake limeshajaa. Anayepiga pasi bure anaweza kuwa mwalimu mwenye karatasi za mtihani za kusahihisha. Anaweza kuwa mkulima wa Trans Nzoia ambaye mahindi yake yanataka palizi wiki hii, si ijayo. Anaweza kuwa binti wa kidato cha nne anayepaswa kuwa anasoma, na kaka yake yuko pale pale anatazama mpira.

Na tusidanganyane kwamba mkono wa mwanamume hauelewani na pasi. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mji ule ulikuwa kitovu cha mashamba ya walowezi, na waliofua na kupiga pasi katika nyumba za wazungu wa Kenya enzi hizo walikuwa wanaume kwa wingi, wale walioitwa maboi hata kama walikuwa na wajukuu. Neno lenyewe dobi tulilipata kutoka Uhindi, ambako kufua kwa malipo ilikuwa kazi ya familia nzima, baba akiwemo. Wajukuu wa wanaume wale nao wamesoma shule za bweni, na bweni ni chuo cha pasi. Kule kila mvulana hunyoosha shati lake, kwa sufuria yenye maji ya moto ikibidi, na hutandaza suruali chini ya godoro ili iamke na mstari. Ujuzi huo haupotei siku ya harusi. Familia isiyo na shilingi 250 ya kulipa bado ina njia: kila aliye na miaka ya kutosha kushika pasi salama anyooshe zake. Rundo la mtu mmoja ni vipande vitano au sita kwa wiki, nusu saa tu.

Wenye uwezo wa kulipa huja na shaka nyingine, kwamba ni uvivu au anasa. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Ashley Whillans walichapisha matokeo kutoka kwa zaidi ya watu 6,000 wa Marekani, Kanada, Denmark na Uholanzi: waliotumia pesa kununua muda, yaani kuwalipa wengine wafanye kazi wasizozipenda, waliridhika zaidi na maisha yao. Katika jaribio la Vancouver, watu 60 walipewa dola 40 kwa wikendi mbili tofauti. Mara moja walinunua kitu, mara nyingine walinunua muda, na siku za kununua muda ndizo zilizowaachia furaha zaidi. Vancouver si Webuye, na dola 40 si pesa za mchezo huku kwetu. Lakini watafiti hao walipowauliza watu wengine 98 wangezitumiaje dola 40, asilimia 2 tu ndio waliotaja kununua muda. Hilo nadhani tunaelewana nalo. Hata kwetu, mtu atatoa shilingi 1,000 kwa viatu bila kusita, kisha ahisi hatia kuitoa ili mkewe alale Jumapili mchana.

Upande wa pili wa meza

Muda ukinunuliwa, kuna aliyeuuza. Haitoshi nyumba yangu ipumzike ikiwa nyumba ya mama fua inazidi kuchoka.

Sheria inamtambua. Amri ya mishahara ya Kenya humweka mtumishi wa nyumbani na yaya katika daraja moja na mfagiaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana, na humwekea kima cha chini ambacho hutofautiana kati ya miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu, miji iliyokuwa na manispaa, na sehemu nyingine. Kima hicho kilipandishwa kwa asilimia 12 Mei 2022 na kwa asilimia 6 mwaka 2024. Aliyemwajiri mtu kwa mwezi anatakiwa pia kukumbuka Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kila wiki na likizo ya mwaka yenye malipo. Chama cha KUDHEIHA ndicho kinachowatetea wafanyakazi wa nyumbani, na wengi wao hawajui hata kwamba kipo. Mwambie.

Nyumba nyingi za Bungoma zina dada wa kazi anayelala humo humo, na hapo pasi huingia kimyakimya. Aliajiriwa kwa ajili ya mtoto. Kisha chakula. Kisha vyombo. Kisha rundo, saa tatu usiku, wenyewe wakitazama taarifa ya habari. Ukimwongezea kazi bila kumwongezea chochote hujaokoa pesa. Umezitoa kwenye usingizi wake, na deni hilo litalipwa na mtoto anayelelewa na mtu aliyechoka. Ama pasi iwe ndani ya mapatano ya mwanzo na saa zake zijulikane, ama atafutwe mwingine kwa siku moja ya wiki.

Na huyo mwingine aandaliwe mahali pa kazi. Meza iwe ya kimo chake ili asiiname saa mbili nzima. Waya wa pasi usiwe umechunika na kufungwa na nailoni. Kama stima imekatika na mnatumia pasi ya makaa, aifanyie barazani au mahali pa hewa nyingi, kamwe si chumbani milango imefungwa, kwa sababu makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na hewa hiyo huua. Watoto wakae mbali. Akija na stima ikapotea hadi jioni, mlipe siku yake au nauli na sehemu ya siku, maana yeye aliitimiza ahadi. Mtafutie maji ya kunywa na chakula cha mchana. Shati likiungua, uliza kwanza kama ulimwonyesha lebo, kabla ya kukata chochote.

Lini ulipe, lini usilipe

Lipa ikiwa saa zinazopatikana zina mahali pa kwenda: kazi inayoleta pesa, masomo, mtoto mchanga, mgonjwa, au mapumziko ya mtu ambaye hajapumzika tangu Jumatatu. Mapumziko yahesabiwe kama sababu kamili, si kama ziada. Lipa pia ikiwa kuna mtoto mchanga na hakuna mwenye nguvu za kupitisha pasi kwenye kila mshono.

Usilipe ikiwa shilingi hizo zinatoka kwenye karo, kwenye chakula au kwenye mkopo wa chama unaosubiriwa. Usilipe ikiwa bei pekee unayoiweza inamwacha mama fua na kile kishilingi 33 kwa saa. Hapo gawaneni rundo nyumbani, kila mtu na mashati yake, mpaka mfuko utengemae. Na usilipe ikiwa saa zilizokombolewa zitajazwa papo hapo na kazi nyingine juu ya mgongo uleule, kwa sababu hapo hujanunua muda wa mtu yeyote.

Sasa turudi kwa yule baba na kiti chake cha pembeni. Jirani alimtajia bei, akaona si mbaya, mama fua akaanza kuja kila Jumamosi. Mwezi ukapita. Mkewe akapona, akaanza kutembea uani, akachuma mboga mwenyewe. Wiki hiyo ndiyo ya kuangaliwa, maana jambo la kawaida kabisa litakuwa kumwambia mama fua asante, sasa mwenyewe yuko sawa, tutakuita tukikuhitaji. Nyumba itaona imeokoa shilingi 250.

Kabla hajamwambia hivyo, afungue daftari lake. Alipokuwa akilipa, aliiandika ile 250 kila Jumamosi. Aiandike na Jumamosi hii pia, na mbele yake, pale palipokuwa na jina la mama fua, aandike jina la mkewe. Kisha ampe mkewe daftari alisome, na uamuzi wa Jumamosi ijayo wafanye pamoja.